Kiti cha pweza ni ndugu yetu wa karibu kuliko pweza mwenyewe: uzi wa deuterostomi, tangu urumba hadi mtu

Kupwa na Kujaa

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni akiwa ametulia.

Bahari ikikupwa wakati wa bamvua, shuka kwenye mwamba wa Nungwi, Kigombe au Msambweni utazame waliobaki kwenye vidimbwi. Pweza anakuangalia kwa jicho lenye lenzi, anageuza rangi, anajua njia ya kurudi shimoni kwake. Kaa ana macho na miguu, anakukimbia. Pembeni yao yuko kiti cha pweza asiye na kichwa, urumba mwenye miiba mirefu myeusi, na jongoo bahari aliyejilaza mchangani. Muulize mtu yeyote ni nani kati ya hao mwenye undugu wa karibu zaidi na binadamu. Wengi watakuonyesha pweza, na sababu zao si mbaya.

Ila ndugu zetu ni hao watatu wa mwisho. Pweza na kaa wako tawi jingine la ukoo, pamoja na konokono, wadudu na nyungunyungu. Ukitaka kujua mnyama ni wa nani, umbo lake la utu uzima linaweza kukupotosha vibaya sana. Mtazame angali kiinitete, kisha soma jeni zake. Nitashikilia hoja hiyo uzi mzima.

Tuanze na yai. Likishatungishwa hugawanyika tena na tena hadi kuwa tufe la seli lenye uwazi ndani. Kisha upande mmoja wa tufe huanza kuzama, kama mpira ulioishiwa upepo unavyobonyea ukiukandamiza kwa dole gumba. Kile kishimo kikiendelea kuingia ndani ndicho kinachokuwa utumbo, na pale kilipoanzia pamebaki tundu, la kwanza katika mwili wa mnyama huyo. Kwa konokono na nyungunyungu wengi, tundu hilo au sehemu yake huishia kuwa kinywa. Kwa urumba, kiti cha pweza au chura, huishia upande wa haja kubwa, na kinywa hutoboka baadaye mahali pengine. Mwaka 1908 mwanazuolojia wa Austria, Karl Grobben, aliwagawa wanyama wenye kushoto na kulia kwa kigezo hicho: protostomi, waliotanguliza kinywa, na deuterostomi, ambao kinywa chao kilikuja cha pili.

Kigezo hicho peke yake hakitoshi, na ni vizuri tukaliweka wazi mapema. Ilipofika 2012 ilionyeshwa kwamba minyoo ya bahari iitwayo priapulidi, ambayo ni jamaa wa mbali wa wadudu, nayo hutanguliza upande wa haja. Brakiopodi na minyoo-mishale walikaa miaka mingi kwenye orodha ya deuterostomi hadi DNA ilipowaondoa. Waliobaki ndani bila ubishi mkubwa ni makundi matatu: ekinodemu, yaani urumba, viti vya pweza, majongoo bahari na jamaa zao, hemikodata, minyoo fulani ya matopeni, na kodata, ambamo tumo sisi, samaki, ndege, na viumbe wawili wa ajabu nitakaowaleta baadaye.

Kuna jambo jingine kwenye kiinitete ambalo kila nikilifundisha darasa hunyamaza. Mwaka 1891 Hans Driesch, akiwa Trieste, alichukua viinitete vya urumba vilipokuwa seli mbili tu, akavitikisa hadi seli zikaachana. Ilitarajiwa kila moja itoe nusu ya mnyama. Kila moja ilitoa lava kamili, yaani mtoto mchanga anayeogelea kabla ya kubadilika umbo, ila mdogo kuliko kawaida. Kwa konokono wengi jaribio hilo halifanikiwi, kwa sababu hatima ya kila seli imeshapangwa tangu mgawanyiko wa mwanzo. Kwetu bado iko wazi. Mapacha wanaofanana kabisa huzaliwa kwa sababu hiyo hiyo: kiinitete kimoja kikagawika mapema, na kila upande ukaweza kuwa mtu mzima kamili.

Naendelea, ila maswali yaje.

Mgosi wa Tanga

Mkuu nimekaa mkao wa kusoma. Ila hapo kwenye kiti cha pweza umenipoteza. Yule hana mbele wala nyuma, ana mikono mitano imezunguka. Sisi tuna kushoto na kulia. Undugu unatoka wapi?

Kupwa na Kujaa

Mgosi, hilo ndilo swali lenyewe. Mtafute akiwa mchanga. Lava wa kiti cha pweza ni kitu kidogo kinachopita mwanga, kinaogelea kwa mistari ya vinyweleo, na kina kushoto na kulia, kinywa, tumbo na tundu la haja. Mjerumani Johannes Müller alianza kuwachunguza lava hawa miaka ya 1840, na ilibidi wafuatiliwe hadi mabadiliko yao ya mwisho ndipo watu waamini ni watoto wa nani. Mwili wa pande tano huchipuka ubavuni mwa lava, hasa upande wake wa kushoto, kutoka kwenye mfuko mdogo wa maji. Sehemu kubwa ya lava hufyonzwa au hutupwa. Kwa hiyo zile pande tano ni nyongeza ya baadaye juu ya mwili wa pande mbili. Visukuku vya Kambriani, kipindi cha zaidi kidogo ya miaka milioni 500 iliyopita, vinakubaliana na hilo: kati ya ekinodemu wa kale wako wenye pande mbili, wako wasio na ulinganifu wowote, wako waliojiviringa kwa parafujo, kabla ya mpango wa tano kushika.

Ule mfuko wa maji ndio unaozaa mfumo ambao hakuna mnyama mwingine anao. Maji huingia kupitia kisahani chenye vitundu mgongoni mwa kiti cha pweza, hufika kwenye pete inayozunguka kinywa, huenda hadi ncha za mikono, na kusukumwa ndani ya mamia ya miguu midogo laini. Mgeuze chali uone inavyohangaika kutafuta pa kushika. Kwa miguu hiyo hutembea, hushika mawindo na hupumua. Kwenye ncha ya kila mkono kuna doa la jicho. Ubongo hana, ana pete ya neva na neva kuu moja kwa kila mkono.

Mifupa yake nayo inatuhusu. Gamba la konokono na ganda la kaa hutengenezwa na ngozi ya nje. Sahani za urumba, hata zinapoonekana kuwa nje, zimefunikwa na ngozi hai, na zimejengwa na tabaka la seli la katikati, tabaka lile lile linalojenga sehemu kubwa ya mifupa yetu. Malighafi ndiyo tofauti: yeye anatumia kalsiti, kila sahani fuwele moja yenye matundu matundu, sisi tunatumia fosfati ya kalsiamu.

Sasa sikia hili la 2023. Timu ya Laurent Formery na Christopher Lowe ilichora ramani ya jeni zinazowaka kwenye mwili wa kiti cha pweza wa Pasifiki, *Patiria miniata*. Jeni ambazo kwa wanyama wengine hutengeneza kichwa zilitapakaa ngozi nzima, zikipangika kutoka mstari wa katikati ya kila mkono kwenda kingoni. Jeni za kiwiliwili hazikuonekana karibu popote kwenye ngozi hiyo. Tulimwita mnyama asiye na kichwa, kumbe kilichopotea ni kiwiliwili. Mimi naona huo ni mmoja wa ugunduzi mzuri kuliko yote ya baiolojia katika miaka hii.

Nahodha77

Sisi tunaomvua jongoo tunajua ukimshika vibaya anatema nyuzi zinanata mkononi hazitoki, na wengine wanamwaga utumbo mzima. Wanafanya hivyo kwa nini, na wanaishije baada ya hapo?

Kupwa na Kujaa

Ahsante Nahodha, wewe unawajua kuliko vitabu vingi. Ni mambo mawili tofauti. Zile nyuzi ni viungo vya kujihami vinavyoitwa mirija ya Cuvier. Baadhi ya jamii za jongoo wanazo na wengine hawana. Zikigusa maji hurefuka na kunata, kaa au samaki ananaswa. Kumwaga utumbo ni kujinusuru kwa gharama kubwa: hutoa matumbo, mara nyingine hata viungo vya kupumulia, kisha huviotesha upya kwa wiki kadhaa. Na ndiyo, wengi wao hupumua kwa kuvuta maji kupitia upande wa haja hadi kwenye matawi mawili yaliyo ndani ya mwili. Kuna samaki wembamba wanaoingia na kuishi humo humo.

Ulaini wake unatokana na kitu walichonacho ekinodemu wote: tishu za kolajeni ambazo neva zinaweza kuzikaza au kuzilegeza kwa sekunde chache. Jongoo hujilegeza akapenya ufa mwembamba, kisha hujikaza asiweze kung'olewa. Urumba hufunga miiba yake kwa njia hiyo hiyo bila kuchosha misuli. Mifupa yake jongoo imebaki chembe ndogo zilizotawanyika kwenye ngozi. Ukichukua kipande cha ngozi ukakiyeyusha kwa dawa ya kufulia yenye klorini, chembe zitabaki chini, na darubini itakuonyesha maumbo yanayotofautisha jamii moja na nyingine. Wakaguzi wa biashara hutumia njia hiyo kutambua jongoo aliyekwisha kaushwa.

Na kwa kuwa uko kwenye kazi hiyo: *Holothuria scabra*, yule wa kwenye mchanga na majani bahari ambaye soko la China linamlipa vizuri, amevuliwa kupita kiasi karibu pwani yote ya Afrika Mashariki. Hula mchanga, huchambua uozo uliomo, kisha huutoa ukiwa safi. Akiisha, sakafu ya bahari inabadilika. Ufugaji wake uliofanyika Madagaska na Zanzibar naupenda kwa sababu hiyo, siyo kwa fedha peke yake.

Bint Pangani

Kaka unaandika vizuri, lakini niulize wazi. Unataka kusema sisi tumetokana na kiti cha pweza? Maana hapo wengi tutakuacha.

Kupwa na Kujaa

Hapana dada yangu, na nafurahi umeuliza. Kiti cha pweza si babu yetu, wala jongoo si bibi yetu. Sisi na wao ni matawi mawili ya shina lililogawanyika zamani mno. Kwenye mawe ya Chengjiang, mkoa wa Yunnan nchini China, yenye umri wa miaka milioni 518 hivi, kuna *Haikouichthys* na *Myllokunmingia*, viumbe wenye umbo la samaki, wenye kichwa, macho na misuli iliyopangika kwa pindo. Walielezwa na Degan Shu na wenzake mwaka 1999. Ekinodemu nao tayari walikuwepo Kambriani, wakiwa na sahani zao za kalsiti. Kwa hiyo matawi haya yana umri sawa. Yeye amebadilika kwa muda ule ule tuliobadilika sisi, kwa njia nyingine.

Huyo babu wa pamoja alifanana na nini? Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba amepatikana aliyekaribiana naye: *Saccorhytus*, kidudu cha milimita moja chenye mdomo mkubwa na matundu ubavuni yaliyodhaniwa kuwa mwanzo wa mianya ya koromeo. Mwaka 2022 visukuku vingine zaidi vilipigwa picha kwa eksirei kali, ikaonekana matundu yale ni mahali miiba ilipovunjikia, na mnyama mwenyewe akahamishiwa upande wa wadudu na minyoo inayojivua ngozi. Wapo pia watafiti walioonyesha, mwaka 2021, kwamba hata kundi zima la deuterostomi linashikiliwa na ushahidi wa jeni mwembamba kuliko tulivyodhani, kwa maana matawi ya mwanzo yaligawanyika kwa haraka sana. Undugu wa ekinodemu na hemikodata ni imara. Undugu wa kodata wenyewe kwa wenyewe ni imara. Mjadala uko kwenye lile shina linalowaunganisha.

Kupwa na Kujaa

Sasa hao minyoo ya matopeni. Hemikodata anayejulikana zaidi ni mnyoo mlaini anayeishi kwenye shimo la mchanga au tope: ana pua nene ya kuchimbia, ukosi unaozunguka shingo, kisha kiwiliwili kirefu kinachokatika ukikivuta. Kwa macho ni mnyoo tu. Lakini nyuma ya ukosi, ubavuni mwa koromeo, ana safu ya mianya. Maji huingia kinywani na kutokea hapo, chakula kikabaki ndani.

William Bateson, Mwingereza ambaye baadaye ndiye aliyetupa neno jenetiki, alikwenda pwani ya mashariki ya Marekani mwaka 1883 na 1884 kuchunguza ukuaji wa minyoo hii. Kwa ajili ya mianya hiyo akaitangaza kuwa jamaa wa wenye uti wa mgongo. Alidhani pia kipande kilichomo ndani ya pua ya mnyoo huyo ni notokodi, yaani ule ufito unaoshikiza mgongo wa kiinitete chetu kabla ya uti, na hapo wengi leo hawamfuati. Lakini mianya imesimama. Mwaka 2015 jenomu, yaani seti nzima ya DNA, za hemikodata wawili zilisomwa, na ikakutwa kundi la jeni, zikiwemo *pax1/9*, *nkx2.1*, *nkx2.2* na *foxA*, zimepangana jirani kwa mnyoo huyu kama zilivyopangana kwa sisi wenye uti wa mgongo, na nyingi zinafanya kazi pale pale kwenye koromeo.

Mpaka hapo unaona jambo kubwa: mianya ya koromeo ni ya zamani kuliko mfupa, kuliko ubongo wa kichwani, kuliko hata uti wa mgongo. Ekinodemu wa leo waliipoteza. Sisi tunayo kila mmoja tumboni mwa mama, wiki ya nne na ya tano, kama matao ya shingoni yenye vibonde katikati. Kwetu hayatoboki kuwa matamvua. Yanageuzwa kazi, na nitayarudia.

Kidato cha Sita

Mwalimu, tuna mtihani. Kitabu kinasema kodata wana notokodi, neva ya mgongoni, mianya ya koromeo na mkia unaopita tundu la haja. Na kwamba amfioksi ndiye wa karibu zaidi na wenye uti wa mgongo. Tukariri hivyo?

Kupwa na Kujaa

Sifa hizo nne ni sahihi, zikariri, na ongeza ya tano: mfereji wa ute ulio sakafuni mwa koromeo, uitwao endostaili, unaonasa chakula na kukusanya madini joto. Kwa lamprei, samaki asiye na taya mwenye umbo la mkunga, mfereji huo upo angali lava. Akibadilika kuwa mkubwa unageuka tezi ya thairoidi. Ndiyo tezi yetu ya shingoni, ile inayovimba mtu akipata rovu kwa kukosa madini joto.

Hilo la pili la amfioksi limepitwa. Amfioksi ni mnyama wa sentimita 5 hivi, anajifukia kwenye mchanga wa bahari akiacha kinywa nje. Peter Simon Pallas alipomwelezea mwaka 1774 alimweka na konokono wasio na gamba. Ana notokodi tangu ncha ya mbele hadi mkiani, neva juu yake, mianya mingi, misuli ya pindo pindo. Hana taya, hana fuvu, hana mapezi ya pande mbili. Anafanana sana na mchoro wa samaki ambao haujamalizika, ndiyo maana kila mtu alimpa cheo cha ndugu wa kwanza. Huko Xiamen, China, walikuwa wakimvua kwa ajili ya chakula.

Sasa mtazame tunikata. Ni kile kifuko kilichonata kwenye nguzo ya gati au chini ya mashua, ukikikamua kinarusha maji kwa matundu mawili. Hana kichwa, hana mkia, hana notokodi. Amejifunika koti lenye selulosi, kitu tunachokijua kutoka kwenye mimea, na moyo wake husukuma damu upande mmoja kwa muda kisha hugeuka na kuisukuma upande wa pili. Karne nyingi aliwekwa pamoja na jamii ya chaza. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alifuatilia mayai yake na kuona lava mwenye mkia, ndani ya mkia notokodi, juu yake neva. Darwin aliupokea ushahidi huo katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya mtu. Lava wa tunikata aina ya *Ciona* ana seli 40 tu za notokodi. Huogelea kwa muda mfupi, hutafuta jiwe, hujibandika kwa kichwa, kisha hufyonza mkia, notokodi na sehemu kubwa ya neva zake.

Mwaka 2006 Frédéric Delsuc na wenzake walilinganisha jeni nyingi kwa pamoja, na tunikata ndiye aliyekaa karibu na wenye uti wa mgongo. Amfioksi akawa nje kidogo. Tafiti zilizofuata zimeendelea kuthibitisha. Kufanana kwa amfioksi nasi ni kwa sababu hakubadilika sana, na tunikata kutofanana nasi ni kwa sababu alikwenda mbio, akipunguza jeni na viungo. Kwa mtihani wako andika tunikata, na ueleze sababu. Ikiwa kitabu cha shule kinasema vingine, muulize mwalimu wako kabla ya siku ya mtihani, tafadhali, nisije nikakupotezea alama.

Mgosi wa Tanga

Hapo kwenye neva ya mgongoni nina swali. Nikimpasua kamba au panzi, ile neva yake kuu iko chini tumboni na moyo uko juu. Kwa samaki neva iko juu na moyo chini. Hawa walipinduliwa?

Kupwa na Kujaa

Mgosi, umeuliza kama Étienne Geoffroy Saint-Hilaire. Mwaka 1822 huyo Mfaransa alisema kamba-mti aliyelazwa chali ana mpango ule ule wa viungo alionao mnyama mwenye uti wa mgongo. Mwaka 1830 alibishana hadharani na Georges Cuvier mjini Paris, na wengi waliona Cuvier ameshinda. Wazo lake likakaa kando kama jambo la kuchekwa kwa zaidi ya miaka 150.

Miaka ya 1990 jeni zikaja. Inzi wa matunda ana molekuli inayosema "huku ni mgongoni" na nyingine, iitwayo *sog*, inayoizuia ili neva ziote tumboni. Chura ana molekuli hizo hizo za ukoo mmoja: BMP na kizuizi chake chordin. Ila kwake BMP iko tumboni na chordin iko mgongoni. Watafiti walipochukua ya mmoja wakaitia kwa mwingine, ilifanya kazi. Kwa hiyo mhimili ni mmoja, umepinduliwa. Ulipinduliwa lini? Mnyoo wa hemikodata, ambaye ni deuterostomi kama sisi, ana BMP mgongoni, sawa na inzi. Basi mgeuko ulitokea kwenye tawi la kodata baada ya kuachana na wale wengine. Geoffroy alikuwa na haki kuliko alivyopewa.

Kupwa na Kujaa

Niingie kwa wenye uti wa mgongo sasa. Watu hudhani kilichotufanya ni uti wenyewe. Mimi nasema ni kichwa.

Mwaka 1868 Wilhelm His alieleza seli zinazotoka kwenye kingo za neva ya kiinitete cha kuku pale inapojifunga. Tuziite seli za ukingo wa neva. Zinaondoka pale zilipozaliwa na kusafiri mwili mzima. Zinatengeneza mifupa mingi ya uso, taya, sehemu ya meno, seli za rangi ya ngozi, neva za utumbo, sehemu ya mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Amfioksi hana hizi. Tunikata ana seli chache zinazokaribiana nazo, jambo linalokubaliana na undugu niliousema. Mwaka 1983 Carl Gans na Glenn Northcutt walitoa hoja kwamba kichwa cha wenye uti wa mgongo ni kitu kipya kilichojengwa kwa seli hizi, wakati wanyama hawa walipoacha kuchuja chakula na kuanza kuwinda.

Vifaa vya kujengea vilitoka wapi? Susumu Ohno alipendekeza mwaka 1970 kwamba jenomu nzima ilirudufiwa zamani. Amfioksi ana kundi moja la jeni za Hox, zile zinazopanga mwili kutoka kichwani kwenda mkiani. Mtu ana makundi manne, jumla jeni 39. Nakala ya ziada inaweza kujaribu kazi mpya wakati ya zamani ikiendelea na zamu yake.

Sasa yale matao ya koromeo. Kwa samaki tao la kwanza likawa taya. Lamprei na hagifishi walijitenga na tawi letu kabla ya hapo, hawana taya mpaka leo. Mwaka 1837 Karl Reichert alifuatilia viinitete vya mamalia akaona kwamba nyundo na fuawe, mifupa miwili ya ndani ya sikio, inatokana na tao hilo la taya. Kikuku kinatokana na tao la pili. Unasikia kwa vipande vilivyokuwa vya kutafunia.

Na twiga wetu ndiye shahidi mzuri kuliko wote. Neva ya kushoto ya sanduku la sauti hutoka kwenye ubongo, hupita chini ya mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, kisha hupanda tena hadi kooni. Kwa samaki njia hiyo ni fupi na ya moja kwa moja, maana moyo, matao na ubongo viko pamoja. Shingo iliporefuka moyo ulishuka, na neva ikiwa imenasa chini ya mshipa wa tao lake ikalazimika kurefuka nao. Kwa twiga mkubwa neva hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 4, wakati ubongo na sanduku la sauti vimeachana kwa umbali mdogo tu. Sisi tunayo pia, na madaktari wa upasuaji wa rovu huichunga sana, kwani ikikatwa mgonjwa hubaki na sauti ya mkwaruzo.

Na notokodi yenyewe haikutoweka. Kiini laini kilicho katikati ya kila diski kati ya pingili za mgongo kilianzia kwenye notokodi ya kiinitete. Mtu akiambiwa hospitalini diski imetoka na inabana neva, kinachochomoza pale mara nyingi ni kiini hicho.

Msukuma wa Ziwani

Umetupeleka baharini uzi mzima. Sisi wa Mwanza tuna kamongo, anavuta hewa na anajizika kwenye tope ziwa likikauka. Na nimesikia Tanga kuna samaki wa kale, silikanti. Hawa wanakaa wapi kwenye ukoo huu?

Kupwa na Kujaa

Msukuma, hao ndio majirani wetu wa karibu zaidi kati ya samaki wote walio hai. Silikanti alidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye shehena ya samaki huko East London, Afrika Kusini, na J. L. B. Smith akampa jina *Latimeria chalumnae*. Malindi alivuliwa mwaka 2001. Tanzania alianza kupatikana 2003, kisha wengi wakanaswa Tanga kwenye jarife zinazotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Hifadhi ya bahari kwa ajili yake ilitangazwa huko Tanga mwaka 2009. Utafiti wa 2021 uliosoma pete za magamba yake ulikadiria kuwa anaweza kufikia umri wa miaka 100 hivi, na mimba yake huchukua kama miaka 5. Samaki wa namna hiyo akivuliwa hovyo kizazi hakirudi haraka, na ndiyo maana nasisitiza jarife za kina kirefu ziondolewe pale alipo.

Mapezi yake yana mfupa na msuli ndani, sawa na ya kamongo, na mfupa mmoja wa mwanzo wa pezi ndio unaolingana na mfupa wa mkono wetu wa juu. Jenomu ya silikanti ilipochapishwa 2013, ilionyesha kwamba kati ya hao wawili kamongo ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Kwa hiyo kamongo wa Mwanza ana undugu wa karibu na wewe kuliko alio nao na sangara anayeogelea naye ziwa moja.

Na silikanti ukimpasua mgongoni hukuti pingili za mfupa kama za sangara. Unakuta mrija mmoja mnene wenye mafuta, umenyooka kutoka kichwani hadi mkiani. Ni notokodi, ya samaki aliyekomaa, inafanya kazi.

Nahodha77

Mrija huo nimeuona kwa macho yangu, miaka ya nyuma, kwa samaki aliyeletwa na wenzetu wa jarife. Tulidhani ni ugonjwa.

Kupwa na Kujaa

Ni mzima kabisa, Nahodha. Akinaswa tena mwingine hata akiwa amekufa, wapigieni simu watu wa hifadhi kabla hajakatwa. Tumboni mwake anaweza kuwa na watoto walio tayari kuzaliwa.